Wimbo wa Shela Nyekundu Huko Kalama

Wenzangu, aibu niliyoipata leo haitoshi kukaa ndani ya mtu mmoja, ndiyo maana nawagawia.

Naandika barua pepe hii haraka. Niko saiba, duka la intaneti, mjini Machakos, viatu vimejaa vumbi la Kalama mpaka kwenye kamba, na mwenye saiba ananitazama kama mtu aliyeingiza punda dukani. Kioko alikuwepo. Mnamjua Kioko, tulisoma naye chuo. Kisa kikipita mdomoni mwake hutoka na mkia na pembe. Afadhali mkipate kwangu, kikiwa na aibu yake halisi, isiyoongezwa maji.

Leo nilipeleka mbuzi wa ntheo kwa kina Mwende.

Kwa nyinyi msio Wakamba: ntheo ni wale mbuzi watatu wa kwanza. Unawapeleka kwa kina msichana, mmoja anachinjwa hapohapo, mnakula, na kuanzia hapo yeye ni mke wako. Bila hao mbuzi unaweza kuwa na cheti cha serikali, baraka za padri na watoto sita, na bado wazee watasema huyo binti yuko matembezini.

Sasa, mnanijua. Mimi ni mtu wa kuuliza. (Chuoni nilimuuliza mhadhiri wetu wa falsafa kama ana uhakika kwamba yupo. Akaniambia nitoke nje nikahakikishe kama mlango upo.) Mara ya kwanza nilipofika kwa kina Mwende kujitambulisha, nilikaa vizuri, nikanywa chai vizuri, kisha nikamuuliza babake:

"Mzee, kwa nini mbuzi watatu? Kwa nini si wawili, au wanne?"

Niliuliza kwa nia njema. Nilitaka tu kujua. 

Babake Mwende, Mzee Nzioka, alichonga mawe huko Lukenya maisha yake yote, na huongea vivyo hivyo: anapiga mara moja, mahali panapotakiwa, na jiwe linapasuka. Akaweka kikombe chini.

"Kijana, utaleta mbuzi, nitawapokea. Lakini uje na heshima. Ukiivunja tena hapa kwangu, utaondoka na mbuzi wako, na binti yangu atabaki."

Hayo yakanikaa. Nampenda Mwende. Hilo ndilo jambo pekee ambalo sijawahi kulihoji.

Haya. Mwezi uliopita nilimpeleka Mwende kutazama filamu. Kakake Kioko ana jumba la video nyuma ya soko, mabenchi, mapazia ya gunia, televisheni moja kubwa iliyofungwa kwa mnyororo kama mbwa mkali. Filamu yenyewe ilikuwa ya Kihindi, ya mapenzi mazito, ndefu kama kiangazi cha Ukambani. Jina lake halisi hakuna anayelijua. Kanda ilifika Machakos bila ganda. Watu wanaiita tu Shela Nyekundu, na hakuna nyumba kuanzia mjini mpaka Mitaboni ambayo haijaiona au kusimuliwa.

Iko hivi. Kijana anampenda binti wa adui wa babake. Wanatenganishwa. Binti anaozwa kwa nguvu. Siku ya harusi kijana anapenya akijifanya mpiga ngoma, anakuta wanawake wamekaa safu nzima, wote wamefunikwa shela nyekundu, hajui wake ni yupi. Basi anaimba. Anapita mbele yao akiimba wimbo wao wa zamani, taratibu, na mmoja chini ya shela anaanza kutetemeka. Anamshika mkono, anauweka kwenye paji la uso wake. Mwisho wa filamu kijana anakufa, lakini hapo katikati, jamani.

Nilikuwa na maswali, bila shaka. Nani anapiga vinanda kule mlimani na hakuna mtu? Binti amebadilisha nguo saa ngapi kati ya bonde hili na lile? Kwa nini radi ipige kila baba mtu anapofungua mdomo?

"Mutua," Mwende akaniambia, "nyamaza ama utoke."

Nikanyamaza. Ndipo wimbo ukaanza. Nikamwona Mwende ameinama, amefunika uso kwa leso, mabega yanaruka. Msichana mgumu kama Mwende, mwalimu wa darasa la nne, anayezima makelele ya watoto hamsini kwa kuinua nyusi moja. Anatetemeka jinsi ile ile ya filamu. (Mimi mwenyewe nilikuwa na shughuli na jicho langu. Vumbi. Jumba lile lina vumbi sana.)

Nikaliweka hilo akilini kama mtu anavyoweka ufunguo mfukoni: ukitaka kumjua Mwende popote, mpigie wimbo ule.

Wiki hii ufunguo ukapata mlango. Shangazi yake Mwende, Shangazi Kalekye, alituma habari kwamba siku ya mbuzi wasichana watafunikwa leso, nami nimchague wangu. (Mchezo huu si wa mababu zetu hata kidogo. Umeingia juzi kutoka harusi za watu wa Mlima Kenya. Lakini ukimsikiliza Shangazi Kalekye, utadhani Adamu alimchagua Hawa hivyo hivyo.) Mwende akanipigia simu.

"Ukikosa, mimi sina neno," akasema. "Lakini baba atauliza: mtu asiyemjua mke wake anamwoa nani?"

"Sitakosa."

"Unajuaje?"

"Kwa ushahidi."

"Mutua, mimi naogopa ushahidi wako kuliko ujinga wa watu wengine."

Nikamtuma Kioko kwa kakake na redio kaseti. Akaiweka mbele ya televisheni siku watu wamejaa, akarekodi wimbo wote. Akaniletea kaseti kama mtu anayeleta dawa.

Leo asubuhi, basi. Tukapanda kilima: mimi, Kioko na redio yake begani, mbuzi watatu, na Mjomba Ngumbau, ndugu wa mama yangu, ambaye ndiye msemaji wetu. Mmoja wa mbuzi alikuwa anasimama kila penye njia panda kutafakari. Nilimwelewa.

"Mutua," mjomba akaniambia tukikaribia.

"Naam, mjomba."

"Leo uko na kazi gani?"

"Kutoa mbuzi, na kumchagua Mwende."

"Umesahau ya kwanza."

"Ipi?"

"Kufunga mdomo."

Tulifika mapema kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu Kioko alijua njia ya mkato na kwa mara ya kwanza maishani mwake njia ya mkato ilikuwa fupi. Wanawake walikuwa hawajajipanga langoni. Wakakimbia kutoka kila upande wakifunga leso, wakaanza kuimba wakiwa bado wanahema. Mjomba akajibu inavyotakiwa. Mbuzi wakakaguliwa meno, masikio na mahali pengine ambapo nisingependa nikaguliwe mimi. Mzee Nzioka alikuwa amesimama chini ya paa la nyumba, kofia kichwani, mikono nyuma. Hakutabasamu. Lakini alitikisa kichwa kwamba mbuzi ni mbuzi. Wakafungwa kwenye mti.

Wakati huo mwanamke mmoja akatoka jikoni na sufuria, akatuona, akaganda.

"Macho chini," mjomba akanong'ona. "Huyo ni mama mkwe."

Hapa pia niwaeleze, maana bila hili hamtaelewa ukubwa wa msiba. Kwetu mama mkwe haguswi. Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya kuepukana. Mama wa mke wako ukikutana naye njiani, mmoja wenu anapita kichakani. Humwangalii usoni, humpi mkono, hukai naye chumba kimoja mpaka mambo mengi sana yafanyike, na wengine hufa bila kuyamaliza. Mwenye kumgusa mama mkwe amejivunjia nyumba kabla ya kuijenga.

(Nina maswali kuhusu desturi hii. Sikuyauliza.)

Nikaangalia chini. Niliangalia viatu vyangu kwa heshima ambayo viatu vile havijawahi kuipata. Sikuona mama amevaa leso ya rangi gani. Sikuona ameelekea wapi. Nilipoinua macho hakuwepo, nikajipongeza. Hata Mzee Nzioka niliona ameniangalia kwa jicho la afadhali.

Kisha wakaletwa wasichana. Walikalishwa kando ya ukuta wa jikoni, wengine kwenye benchi, wengine kwenye vigoda kufuata benchi, wote wamefunikwa leso gubigubi kuanzia kichwa mpaka magoti. Shangazi Kalekye akasimama mbele yao na mikono kiunoni.

"Haya, msomi. Chagua. Ukikosea, sisi tunajua hukumtaka."

"Shangazi, naomba ruhusa ya kupiga wimbo."

"Wimbo gani?"

"Wa Kihindi."

Minong'ono ikapita kwenye boma zima. Mzee mmoja nyuma akauliza, "Ni ule wa Shela Nyekundu?" Mwanamke aliyekuwa anapepeta mchele akaweka ungo chini. Mtu mwenye akili angejiuliza hapo: kama watu wote wa Kalama wanaujua wimbo huu, kipimo changu kinapima nini hasa? Mimi, bingwa wa maswali, swali hilo moja lilinipita.

"Piga," Shangazi akasema, akavuta kiti.

Kioko akabonyeza. Kwanza ikatoka kelele ya jumba la video: kikohozi, benchi likilia, mtu akitafuna karanga. Halafu, kwa nguvu zote za betri mpya, sauti ya mtazamaji aliyezibwa televisheni siku ile ya kurekodi:

"Wewe wa kofia, keti chini."

Mzee Nzioka akaketi.

Alikaa kabla hajafikiri, kama mtoto wa shule. Halafu akainuka nusu, akageuka pole pole kutafuta ni nani amemwamrisha nyumbani kwake. Kioko akanielekezea kidole. Mjomba Ngumbau akafumba macho. Ningeweza kueleza, lakini wakati huo kinanda kikaanza, na mimi nilikuwa na kazi.

Nikaanza kupita mbele ya safu, taratibu, mikono nyuma kama yule kijana wa filamu. Wa kwanza alikuwa anatikisa kichwa kufuata ngoma. Mwende hatikisi kichwa. Wa pili alikuwa anaimba pamoja na redio, Kihindi chake chote, na maneno yote alikuwa anayabuni. Wa tatu miguu yake ilikuwa na raba zilizokatwa kwenye tairi na kisigino kilichopasuka kama shamba la Kalama mwezi wa Septemba.

"Susu, nimekujua," nikamwambia. Susu ni nyanya, bibi yake Mwende.

"Na mimi nimekukataa," leso ikajibu. Watu wakacheka. Mambo yalikuwa yananiendea vizuri, nawaambia. Nilijihisi mrefu.

Wa nne alikaa kimya kama jiwe. Hata leso haikupepea. Nikampita bila kumfikiria. Wa tano alipiga chafya.

Na mwisho kabisa, kwenye kigoda kilichokaribia mlango wa jikoni, alikuwepo mmoja peke yake. Wimbo ulikuwa umefika pale sauti inapopanda, pale yule kijana anapoinua mikono. Na huyu chini ya leso ya kijani alikuwa anatetemeka. Si kidogo. Mabega yalikuwa yanaruka, kichwa kimeinama, na sauti ndogo ilikuwa inamtoka kama ya njiwa.

Ushahidi ndio huo. Nikasimama. Nikageukia watu. Nilikuwa nimeandaa maneno, na ole wangu nikayasema:

"Wazee wangu na mama zangu, macho yanaweza kufunikwa. Moyo haufunikwi."

Nikapiga goti. Nikaingiza mkono chini ya leso, nikaushika mkono wake.

Wanawake wakajishika vinywa. Nilidhani ni mshangao wa furaha.

Mkono ulikuwa na unyevu na harufu ya kitunguu na moshi. Nikafikiri, maskini Mwende, ameamka mapema kusaidia kupika. Ukajaribu kujivuta. Nikafikiri, anaona haya.

"Mutua," sauti ya Mjomba Ngumbau ikasema nyuma yangu, ya chini sana. "Wachana na huo mkono."

Nikafikiri, mjomba anatia chumvi ili mchezo unoge. Nikaushika kwa mikono miwili.

"Mutua."

Nikauinua mkono ule, nikauweka kwenye paji la uso wangu. Nikaukandamiza hapo. Nikafumba macho. Na kwa sababu mtu anayeangamia huangamia kikamilifu, nikafunua leso.

Mama yake Mwende alinitazama. Uso wote umelowa machozi.

Nikamtazama. 

Baadaye ndipo nilipoambiwa. Tulipofika mapema tulimkuta nje, akajificha nyuma ya jikoni, na kabla hajarudi ndani wasichana wakaletwa na macho yote yakageukia mlango. Akajifunika leso ili nisimwone, yaani alijifunika kwa ajili yangu, kwa nthoni, akaketi hapo mlangoni kusubiri mchezo wa vijana uishe. Halafu wimbo ukapigwa. Na huyu mama, wenzangu, filamu ile ameitazama mpaka kanda ya jirani imekwaruzika.

Akapiga ukelele mmoja mfupi, akaingia jikoni, mlango ukafungwa. Leso ikabaki mkononi mwangu. Wimbo ukaendelea. Kioko hakuwa na nguvu za kuuzima kwa sababu naye alikuwa anafuta macho kwa shati.

"Zima hiyo kitu," Mzee Nzioka akasema. Ikazimwa.

Akavuka uwanja mpaka kwenye mti. Akafungua kamba za mbuzi, moja baada ya nyingine, bila haraka. Akaja akaziweka zote kwenye mkono wa Mjomba Ngumbau.

"Nilisema," akasema. Basi. Alipiga mara moja tu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba si mchezo. Mjomba alisimama na mbuzi watatu kama mtu aliyepewa mtoto wa wengine. Wanawake wakaangalia pembeni. Yule wa nne, aliyekaa kimya kama jiwe, akajifunua. Mwende.

"Baba, ngoja kwanza," akasema. Kisha akanigeukia. "Mutua, mkono wangu huujui?"

"Ulikuwa na harufu ya kitunguu."

"Na mimi nilikupikia lini?"

Hakuna aliyecheka. Mjomba akasema, "Sema. Leo nakuruhusu. Sema ulikuwa unafikiri nini."

Nikasema yote. Kwamba Mwende nilimwona kwenye jumba la video. Kwamba wimbo ule ulipopigwa aliinama akatetemeka kwa kilio. Kwamba nikaona nikiupiga leo, atakayetetemeka ndiye yeye. Kwamba sikukusudia kumdharau mtu. Nilieleza vizuri, hatua kwa hatua. Ilikuwa hoja safi. Kasoro yake ilikuwa moja tu, na Mwende ndiye aliyeitoa.

"Lakini mimi sikulia."

"Ulilia. Nilikuona. Mabega yaliruka."

"Nilikuwa nacheka, Mutua. Nilifunika uso usinione. Wewe ndiye ulikuwa unalia."



"Vumbi," nikasema.

"Vumbi gani? Ulikuwa unalia na kwikwi. Ulikuwa unauliza ni nani anapiga vinanda mlimani, halafu wimbo ukaanza, ukashika benchi la mbele, ukalia mpaka mama mmoja akakupatia kitambaa. Ulimrudishia kimelowa. Mimi nikasema nikimwangalia huyu nitapasuka."

Wenzangu, kuna kushindwa hoja, na kuna kushindwa hoja mbele ya wakwe na mbuzi. Nilimwangalia Kioko aniokoe. Alikuwepo siku ile, ndiye alikuwa anauza tiketi.

"Ulilia," Kioko akasema. "Nilidhani umefiwa."

Mzee Nzioka alinitazama kama anavyotazamwa jiwe lenye ufa usioeleweka. "Wewe? Wewe wa kuuliza mbuzi watatu? Unalilia filamu ya Kihindi?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka jikoni. Ukuta ni wa mabati. Kila mtu aliisikia, nami niliisikia, lakini kwa heshima ikabidi nisiisikie. Nikaangalia viatu. Susu akaenda mlangoni, akainamisha sikio, akarudi na raba zake pole pole, akairudia neno kwa neno:

"Mama anauliza: alilia pale tu, ama alilia pia pale binti anapofungiwa nje kwenye mvua?"

Fikirieni. Uwanja umejaa. Wazee wa Kalama, watoto, watu wa kanisa. Kamba za mbuzi ziko mkononi mwa mjomba. Nami ni mtu niliyejenga jina langu lote kwa kutoshtuliwa na kitu.

"Mwambieni," nikasema, "na pale pia."

Susu akaenda. Akarudi.

"Na pale ndugu yake mdogo anapomletea maji gerezani?"

"Na hapo."

"Na pale mbwa anaporudi nyumbani peke yake?"

Nilijaribu kujizuia. "Hapo zaidi," nikasema, na sauti ikanipasuka katikati, maana mbwa yule, jamani, alikuwa anachechemea.

Mtu akacheka. Halafu wote. Shangazi Kalekye alishikilia nguzo. Wale wasichana wa leso waliangukiana. Mjomba Ngumbau, mtu mzito wa kamati ya kanisa, alilazimika kumkabidhi Kioko mbuzi ili apate pa kushika. Nilisimama hapo na leso ya kijani mkononi, nikachekwa mpaka watu wakachoka.

Sauti ya jikoni haikucheka. Ilingoja. Susu akaileta:

"Mama anasema: mtu anayemlilia mbwa wa Wahindi hatampiga mtoto wangu. Mbuzi wasitoke."

Mzee Nzioka akavua kofia, akakuna kichwa, akaivaa tena. Wazee wakakaa kando. Walipomaliza akatangaza: mbuzi watatu wamepokelewa. Lakini nimemgusa mama mkwe, nimemfunua, na mkono wake nimeuweka usoni, na jambo la namna hiyo halijawahi kuonekana Kalama. Kwa hiyo nitaleta mbuzi wa nne wa kuufuta mkono ule, dume, asiye na doa. Na leso irudishwe ikiwa imefuliwa na mtu mwingine.

Nikakubali yote bila kuuliza. Mjomba alinitazama mara mbili kuhakikisha ni mimi.

Mbuzi akachinjwa. Tukala. Mwende akakaa karibu nami, akanipa mkono wake niuangalie vizuri, upande huu na upande huu, kama mwalimu anayempa mtoto ramani. Kila nilipodhani mambo yamekwisha, mtoto mmoja alikuwa anapita mbele yangu akifumba macho na kujiwekea kiganja kwenye paji la uso. Nikavumilia. Nilikuwa nimeoa.

Ningeishia hapo, na ingekuwa aibu ya kawaida. Lakini tulipokuwa tunaaga, Susu akaja mara ya mwisho kutoka jikoni.

"Mama anauliza. Wewe umesoma, unakaa mjini. Ile filamu iko na sehemu ya pili?"

Sijui. Sijawahi kusikia. Mtu wa ushahidi angesema hajui. Lakini mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo, kama upana wa jicho, na huyo ndiye aliyeniachia mke.

"Iko," nikasema.

Susu akaenda, akarudi haraka kuliko mara zote.

"Itakuwaje iko, na kijana alikufa?"

Nikasikia mdomo wangu ukijibu peke yake, bila kuniuliza:

"Alikuwa na pacha."

Jikoni kukatoka kwikwi moja ndefu. Mzee Nzioka, ambaye husema filamu ni za watoto, akageuka kabisa. "Pacha?" akauliza. Mjomba Ngumbau alinishika mkono akaniteremsha kilima kabla sijambunia huyo pacha na mtoto.

Kwa hiyo nina ombi. Yeyote kati yenu aliye Nairobi, apitie kwa wauza kanda, aulize kama kuna filamu yoyote ya Kihindi, iwe yoyote, ambapo kijana amekufa na pacha wake akatokea. Nitaipeleka pamoja na yule mbuzi wa nne. Mkiipata, niandikieni hapa hapa. Na kama haipo, tafadhali msinijibu kitu, maana Mwende amenitumia ujumbe sasa hivi: mama hajala tangu tuondoke, amekaa jikoni anamlilia huyo pacha.